MOSHI WA KIANGAZI SI AMRI YA MUNGU

KILA mwaka, mwezi wa Julai ukiisha kuingia na nyasi zikakauka hata zikawa zinalia chini ya nyayo, moshi hushuka juu ya Kalangalala. Mtu atokaye nyumbani alfajiri kwenda kazini huona taa za barabarani zimezungukwa na utusitusi wa rangi ya majivu, na vilima vinavyouzunguka mji wa Geita havionekani mpaka jua lipande. Watoto huenda shule wakikohoa. Mama aliyeanika shuka jioni huianua asubuhi ikinuka nyasi zilizoungua. Ukiuliza kuna nini, utajibiwa kwa neno moja, nalo husemwa pasipo hasira wala mshangao: "Kiangazi."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike leo. Sisi hatukubali kwamba moshi ni kiangazi. Kiangazi ni jua, ni upepo, ni ukavu, na vitu hivyo ni vya Mwenyezi Mungu. Moshi ni wa moto, na moto una mwenyewe. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Nasi twaongeza kwamba penye moto pana mkono uliouwasha. Maadamu moshi huu ni kazi ya mikono, mikono yaweza pia kuukomesha. Lakini kwanza yatupasa kujua mikono hiyo ni ya nani, kwani ni desturi yetu kumkamata mtu wa kwanza tunayemwona ameshika kiberiti na kumwacha aliyemtuma.

Tuanze na swali ambalo wafanyakazi wengi hujiuliza. Kwa nini moshi huu hutuelemea asubuhi, kisha adhuhuri ukapungua? Jibu lake si gumu. Usiku wa kiangazi anga huwa wazi pasipo mawingu, ardhi hupoa upesi, na hewa iliyo karibu na ardhi hupoa pamoja nayo. Hewa ya baridi ni nzito. Hulala mabondeni kama maji ndani ya bakuli, na juu yake hewa yenye joto hukaa kama kifuniko. Moshi wote wa usiku, wa porini na wa majikoni, hunaswa humo. Jua likipanda na kuipasha ardhi joto, kifuniko hufunguka, na moshi hutawanyika. Haukuondoka, umekwenda kwa jirani. Siku za mvua huoshwa na mvua. Lakini tangu Juni hadi Septemba mvua ni adimu, na chujio lililobaki ni mapafu yetu.

Na ndani ya moshi huo mna nini? Mna chembe ndogo mno, ambazo hata thelathini zikipangwa mstari mmoja ni kama unene wa unywele tu. Pua haiwezi kuzizuia. Hupita kooni zikaingia ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia katika damu. Ndiyo maana moshi hauleti kikohozi peke yake, bali huleta na maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, lilishauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, ambapo mwongozo wa 2005 ulikuwa umekubali 10. Shirika hilo lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na miongoni mwao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Hapa kwetu Serikali imetaja idadi ya Watanzania kama 33,000 kwa mwaka. Kama kipindupindu kingeua watu wengi kiasi hicho, kengele zingepigwa katika kila kata. Moshi haupigiwi kengele kwa sababu hauui kwa siku moja, wala haumtaji aliyeuleta.

Moto wa kwanza ni wa nyasi. Mfugaji huchoma ili nyasi mpya zichipue kwa ajili ya ng'ombe. Mkulima huchoma ili asafishe shamba kabla ya mvua. Mrina asali hukiacha kienge chake kikiwaka. Mwindaji huchoma ili aone mbele. Tusiseme haraka kwamba watu hawa ni wajinga. Moto wa porini una historia katika nchi hii, na sehemu ya historia hiyo ni kazi ya watawala wenyewe. Katika miaka ya 1920 na 1930 idara ya utafiti wa mbung'o iliyokuwa Shinyanga, chini ya C.F.M. Swynnerton, iliwapanga watu wachome pori kwa pamoja mwishoni mwa kiangazi, wakati nyasi zimekauka kabisa, ili moto uwe mkali na kuua vichaka walimojificha mbung'o. Kadhalika watu wa Usukumani walitolewa kwa wingi kwenda kufyeka mapori kwa sababu hiyo hiyo. Mbung'o walipungua, watu na mifugo wakapata nafasi. Lakini somo lililobaki vichwani mwa wengi lilikuwa kwamba pori ni adui na moto ni dawa.

Pamba nayo ina amri yake. Tangu enzi za mkoloni mkulima wa pamba katika Kanda ya Ziwa huagizwa ang'oe masalia ya pamba baada ya mavuno na kuyachoma, ili funza mwekundu asipate mahali pa kungojea msimu mwingine. Agizo hilo lina maana, wala hatuwashauri wakulima walivunje. Twalitaja ili msomaji aone kwamba mkono tunaoulaumu kwa kushika kiberiti, mara nyingine ulishikishwa.

Moto wa pili ni wa jikoni. Huu hauna msimu, lakini kiangazi ndipo matanuri ya mkaa huwaka kwa wingi, kwa kuwa miti imekauka, njia zapitika, na mkulima hana kazi shambani wala fedha mfukoni. Mkaa unaouzwa Kalangalala kwa kopo na kwa gunia umekwisha kutoa moshi mara moja porini kabla ya kufika mjini kutoa moshi mara ya pili. Aliyeuchoma amekesha siku nyingi kando ya tanuri akivuta moshi huo, akaliuza gunia kwa bei ndogo, na faida kubwa ikabaki kwa mwenye gari.

Serikali ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimekatazwa kupikia kuni na mkaa, na Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukitoa mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Twaupongeza mkakati huo kwa moyo wote. Lakini twaomba wakubwa waingie katika jiko la mama lishe wafanye hesabu pamoja naye. Mama huyu hupata fedha zake leo kwa leo, na mkaa humngojea kwa kipimo cha leo: akiwa na kidogo atanunua kopo moja. Gesi haimngojei. Gesi yamtaka atoe kwa siku moja fedha ya majuma kadhaa. Kwa hiyo mtungi wa ruzuku, ukiisha kwa mara ya kwanza, huwekwa kwenye pembe ya nyumba ukafunikwa kitambaa, na jiko la mkaa likarudi uani. Mama huyu hakukataa maendeleo. Bei ndiyo iliyomrudisha kwenye mkaa.

Moto wa tatu ni mdogo kuliko yote, nao ndio unaotutia hofu kuliko yote. Ni moto wa zebaki. Mchimbaji mdogo akiisha kuutoa mwamba duarani, akausaga kwenye karasha na kuuosha mwaloni, huchanganya mchanga wake na zebaki. Zebaki huikamata dhahabu, na viwili hivyo huwa donge moja. Kisha donge huwekwa juu ya moto: zebaki huondoka kwa mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Aliyeinama juu ya kikaango huuvuta, na sehemu kubwa ya anachokivuta, kama asilimia 80, hubaki mwilini, huingia katika damu, kisha katika ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, na mtu aliyekuwa mpole huwa mkali nyumbani pasipo sababu. Majirani husema amerogwa. Mvuke unaosalia hupoa ukatua juu ya mabati, katika vumbi la uani wanamochezea watoto, na katika vijito vishukavyo Ziwa Victoria, ambamo vijidudu vya matopeni huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi iingiayo katika samaki.

Hayo si maneno ya kuwatishia watoto. Kati ya 2002 na 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, lilifanya kazi katika kijiji cha Rwamagasa, Geita, chini ya mpango wa zebaki uliozihusu nchi sita: Tanzania, Zimbabwe, Sudan, Brazil, Indonesia na Laos. Madaktari waliwapima wachimbaji na wanakijiji wa Rwamagasa, wakaona kwamba walioathirika zaidi ni wale ambao kazi yao ni kuchoma madonge. Baadaye ukaja Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013, ukaanza kutumika 2017, na Tanzania ikauridhia 2020. Mkataba huo wataja waziwazi matendo ambayo kila nchi yapasa kuyakomesha katika uchimbaji mdogo, na miongoni mwayo ni kuchoma donge mahali pa wazi, na kulichoma katika makazi ya watu. Kazi hii hufanyika mwaka mzima. Lakini kiangazi, maduara yakiwa hayana maji ya mvua, huzidi, na mvuke wake hunaswa usiku chini ya kifuniko kile kile tulichokieleza.

Sasa msomaji aitazame mioto hii mitatu kwa pamoja, atauona ukweli mmoja mchungu. Anayevuta moshi mwingi zaidi ndiye anayepata fedha kidogo zaidi. Mchoma mkaa huvuta kuliko mwenye lori. Mama lishe huvuta kuliko anayekula wali wake. Kijana anayechoma donge huvuta kuliko mnunuzi wa dhahabu, na yule atakayeivaa dhahabu hiyo kidoleni katika nchi za mbali hatavuta hata kidogo. Dhahabu huenda, moshi hubaki. Mgodi wa Geita wa enzi ya ukoloni ulifungwa 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Wachimbaji wadogo wamekuwako miaka mingi. Dhahabu hiyo yote iliondoka kwenda kwa wengine, na pumzi zilizotumika kuipata ni za watu wa hapa.

Kwa hiyo twapinga maoni mawili yanayosikika kila kiangazi. Maoni ya kwanza husema: tuache, ndivyo ilivyo, mvua itakuja. Hayo ni maoni ya mtu aliyekata tamaa. Maoni ya pili husema: wakamatwe wote, watozwe faini, mchezo utakwisha. Hayo ni maoni ya mtu asiyepika. Sheria tunazo. Sheria ya Misitu ya 2002 yakataza kuwasha moto ovyo. Sheria ya Mazingira ni ya 2004, na kanuni za ubora wa hewa ni za 2007. Kama sheria peke yake ingeweza kuzima moto, Kalangalala ingekuwa na asubuhi safi miaka mingi iliyopita.

Tujifunze kwa wenzetu. Mwaka 2015 mji wa Palangkaraya, katika sehemu ya Indonesia ya kisiwa cha Borneo, ulifunikwa kwa majuma mengi na moshi uliogeuza mchana kuwa na rangi ya manjano. Shule zilifungwa, na moshi ukavuka bahari mpaka Singapore na Malaysia. Wakulima wadogo walilaumiwa sana. Lakini katika miaka ya 1990 ni Serikali ya Rais Suharto iliyochimba mifereji katika eneo la mboji la hekta kama milioni moja, ikitaka kulima mpunga. Mpunga haukustawi, mboji ikakauka, na tangu hapo kila kiangazi kikali huungua chini kwa chini. Nchi za eneo hilo zilitia saini mapatano juu ya moshi unaovuka mipaka mwaka 2002. Indonesia, ulikotoka moshi mwingi, haikuyaridhia mpaka 2014, na mwaka uliofuata ndio ulioleta moshi huo mkubwa. Karatasi haizimi moto.

London nayo ilipata somo lake mapema zaidi. Desemba 1952, tangu tarehe 5 hadi 9, moshi wa makaa ya mawe ulinaswa juu ya mji ule chini ya kifuniko cha hewa kama chetu. Hesabu ya kwanza ilisema waliokufa ni kama 4,000; wataalamu wa baadaye wakaifikisha hesabu hiyo 12,000. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Hewa Safi. Na hapa twaomba viongozi wetu wasikilize vizuri: sheria hiyo haikukomea kwenye neno "marufuku". Iliziwezesha halmashauri kutangaza mitaa isiyoruhusiwa kutoa moshi, na mwenye nyumba aliyelazimika kubadili meko alirudishiwa sehemu kubwa ya gharama kutoka katika fedha za umma. Yaani hawakumnyang'anya mtu moto wake kabla ya kumsaidia kupata mwingine.

Lakini hatuna haja ya kusafiri mbali hivyo. Jirani yetu Shinyanga, ambao Bukombe ilikuwa sehemu yake mpaka Mkoa wa Geita ulipoundwa 2012, katika miaka ya 1980 uliitwa jangwa. Miti iliyofyekwa kwa ajili ya mbung'o na pamba haikurudi, na wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walipeleka miche kutoka bustani za Serikali. Baadaye wakafanya jambo la busara ambalo wataalamu hawalifanyi mara nyingi: wakawauliza wazee. Wazee wakawakumbusha ngitili, yaani malisho yanayotengwa na kufungwa masika ili mifugo iyatumie kiangazi, na ambayo moto na shoka haviruhusiwi kuingia ovyo. Vijiji vikaweka sheria zake katika dagashida, sungusungu wakazisimamia, na aliyevunja alitozwa mbele ya watu wanaomjua. Ngitili zikaenea mpaka zikapita hekta 300,000, na mwaka 2002 mpango huo ukapewa Tuzo ya Ikweta inayosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Hakuna aliyeleta jeshi. Watu walilinda kilichokuwa chao kwa sababu faida yake ilirudi kwao, kwa nyasi, kuni, asali na dawa.

Basi tufanye nini Kalangalala na vijiji vinavyoizunguka? Twatoa mashauri manne.

Kwanza, moto wa nyasi uwe na kalenda. Mahali ambapo kuchoma hakuepukiki, pachomwe mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto ukiwa mdogo na watu wakiwapo kuulinda. Na kuanzia Julai mpaka mvua ziteremke pasiwepo moto wa porini kabisa. Njia za kuzuia moto zilimwe kabla nyasi hazijakauka. Kalenda hiyo isiletwe kutoka ofisini ikiwa imepigwa mhuri. Itungwe katika mikutano ya vijiji pamoja na wafugaji, ambao ndio wanaojua ng'ombe watakula nini Agosti.

Pili, gesi na umeme viuzwe kwa kipimo cha mnyonge. Dar es Salaam gesi imekwisha kupata kuuzwa kwa mita, mtu akalipa kidogo kidogo kwa simu kadiri anavyopika. Jambo lililowezekana Dar es Salaam halina sababu ya kushindikana Geita. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa viungwe mkono vikopeshe ujazo wa mtungi, kama vinavyokopesha mtaji wa biashara. Na ruzuku isiishie kwenye mtungi wa kwanza, kwani mtungi ukiwa mtupu haupiki.

Tatu, donge la zebaki litolewe uani. Vijengwe vituo vya kuchomea mbali na nyumba za watu, vyenye vyombo vilivyofungwa na bomba la kupoza mvuke. Chombo cha namna hiyo si anasa: mvuke ukipoa, zebaki humrudia mwenyewe, naye asilazimike kununua nyingine upesi. Mchimbaji aelezwe hivyo kwanza, kabla ya kuelezwa habari ya faini. Masoko ya madini, ambayo la Geita lilifunguliwa Machi 2019, yalituonyesha kwamba biashara iliyokuwa ikifanyika gizani inaweza kuletwa nuruni ikiwa mchimbaji anaona nafuu yake. Hicho kiwe daraja tu. Mwisho wa safari ni uchenjuaji usiotumia zebaki kabisa.

Nne, hewa ipimwe. Tunapima mvua, tunapima dhahabu kwa mizani isiyokosea hata chembe, lakini pumzi ya mtoto hatuipimi. Kiwekwe chombo cha kupima hewa Kalangalala, kwenye shule au kituo cha afya, na namba zake zibandikwe ubaoni na kusomwa redioni kila asubuhi, ili mama mwenye mtoto wa pumu ajue. Fedha zitatoka wapi? Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya 2017, yamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Tumejenga madarasa kwa fedha za namna hiyo, na ni vyema. Sasa tuwajali na watoto wanaokohoa ndani ya madarasa hayo.

Tumebakiza neno moja, nalo ni kwa wanachama na viongozi wenzetu. Haifai kumhubiria mchoma mkaa ikiwa miongoni mwetu wako wenye malori yanayobeba mkaa usiku. Haifai kumkamata kijana mwenye kikaango ikiwa mwenye kumgawia zebaki ni mtu tunayempa kiti cha mbele katika mikutano. Hatumtaji mtu, kwani hatuandiki ili kuaibisha. Twasema tu kwamba mwananchi anaona. Akiona sheria yakamata baiskeli na kuliacha lori, hataiheshimu sheria hiyo, na kiangazi kijacho atawasha moto wake kwa moyo mweupe.

Kwa wafanyakazi twasema: lifikisheni jambo hili katika mikutano ya matawi na vyama vyenu. Ulizeni mapato ya halmashauri yatokanayo na dhahabu yametengewa nini kwa ajili ya hewa. Ulizeni shule yenu yapika kwa nini. Mwulizeni mwajiri wa karashani kama waendesha mashine wana vitambaa vya puani na kama mwamba husagwa mkavu, kwa maana vumbi la mwamba nalo hufunga mapafu, na kifua kikuu hupenda mapafu ya namna hiyo. Maswali haya si uasi; ni haki ya mtu anayefanya kazi.

Mvua zitakuja, kama zijavyo kila mwaka, na moshi utaoshwa, na sisi sote tutasahau mpaka Julai nyingine. Huko kusahau ndiko tunakokuogopa zaidi. Tuanze kazi wakati anga ni safi: kalenda ya moto itungwe kabla ya nyasi kukauka, vituo vya zebaki vijengwe kabla ya maduara kujaa watu, na chombo cha kupima hewa kiwe kimesimama kabla ya kikohozi cha kwanza. Na mtoto wa Kalangalala akituuliza asubuhi kwa nini vilima havionekani, tusimjibu tena kwa neno lile moja. Tumwambie ukweli kwamba moto huo ni wetu, kisha tumwonyeshe tunaouzima.